Sauti Iliyopelekwa Newala

Tandika, Temeke
22 Aprili 2024

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Sie huku tupo. Mvua ya wiki hii ilibeba viatu vya baba alivyoviacha ngazini. Kimoja tumekipata kwa jirani, cha pili mpaka leo hatukioni. Mie bado nipo kwenye ofisi ile ile ya mawakili Kinondoni, napanga majalada. Uliwahi kunicheka kwamba shahada nzima ya lugha imeishia kwenye makabati. Ndiyo, imeishia hapo. Asante kwa kulipalilia kaburi la mama siku ya Pasaka. Picha tumeiona, na baba aliishika muda mrefu.

Nimekupigia simu mara nne hukupokea. Ulishasema mtandao wa huko unasumbua, na kwamba simu hupita lakini barua hukaa. Basi naandika, na kondakta wa basi la Newala ameahidi kukufikishia.

Baba anaumwa. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali baada ya kumkuta amekaa kitandani usingizini, kwa sababu akilala anakosa pumzi. Moyo umepanuka. Daktari akamwambia, "Mzee, kuimba basi. Kusimama jukwaani kwa saa tano, unavuta pumzi na kuisukuma, moyo huu hauwezi." Baba akajibu, "Daktari, mie siimbi kwa moyo, naimba kwa koo." Daktari hakucheka.

Jumapili iliyofuata alikwenda kuimba baa ya Lindi Annex kama kawaida, na nyingine, na nyingine. Jana nilimfuata. Super Lukuledi wanaanza saa kumi jioni, na meza ya mbele ni ile ile uliyoiacha: Fakihi fundi cherehani anayeshona sare za bendi, Albano aliyestaafu bandarini, na Mwamvita muuza vitenge, ambaye tangu mwaka tisini na moja hajakosa Jumapili hata moja. Nilikaa nyuma yao. Baba alikuwa amepumzika baada ya wimbo wa pili.

"Hii si bendi tena, ni wodi," alisema Mwamvita. "Mwimbaji anakohoa, mpiga besi kaletewa kiti, wa tumba kameza kidonge katikati ya wimbo. Bado nesi wa zamu tu."

"Nenda kwenye singeli basi," Fakihi akamwambia. "Kule wazima watupu. Hakuna anayejua kuimba, ila wazima."

"Fakihi, mie nilikuwaga nalia huyu akiimba. Siku hizi nikilia, ni huruma."

"Huruma! Wewe mwenyewe ulikuwaga unacheza mpaka chini. Leo ukienda chini tumwombe Albano winchi ya bandarini."

Walicheka wote, hata Mwamvita. Kisha akageuka akaniona. "Haya, mtoto wake huyu hapa," akasema. "Sema wewe mama. Baba yako bado anaweza?"

Nikasema nimefuata funguo za nyumba.

Mjomba, baba hanisikilizi. Anasema najua vitabu, muziki siujui. Lakini wewe ulisimama kulia kwake na tarumbeta miaka ishirini na miwili. Na wewe ndiye kaka wa mama, uliyempa mke. Sijapata kuona neno lako alilolikataa. Mwandikie kwamba imetosha. Tarehe 28 Septemba bendi inatimiza miaka hamsini. Wanapanga kupiga nyimbo zote za zamani kwa mfululizo, kuanzia saa nane mchana, na baba ndiye wa kuziimba. Akiziimba hatarudi nyumbani. Daktari hakusema hivyo kwa maneno hayo, lakini nilikuwepo na niliuona uso wake.

Mpwa wako,
Flaviana


Newala
3 Juni 2024

Mpwa wangu Flaviana,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Barua yako ya Aprili imenifikia juzi. Barabara ilikatika Somanga, mabasi yakalala huko, na bahasha yako imefika na alama ya maji kama ramani. Tabu mke wangu anakusalimu. Tunafyeka chini ya mikorosho. Paroko ameniambia nipumzike kuongoza kwaya, nami nimepumzika; vijana wa siku hizi wanaimba haraka mno, wananiacha.

Nimesikitika kusikia habari za moyo wa shemeji. Mpikie bila chumvi. Asikae penye upepo.

Kuhusu hilo jingine. Mwanangu, baa haijawahi kuwa mahakama. Mwaka 1984 tulipiga Mtwara siku tatu, na siku ya kwanza baba yako Ferdinand alikuwa na mafua. Watu wakasema kaisha. Alikuwa na miaka ishirini na minane! Siku ya tatu walewale walimbeba mabegani kutoka ukumbini hadi nyumba ya wageni. Mwamvita ni mtu mzuri, ila ni mwepesi wa kuzika.

Mwanamuziki hahukumiwi kwa maneno ya barua. Huhukumiwa kwa sikio, na sikio la mwanamuziki mwenzake. Mrekodi, weka kwenye kadi ndogo ile ya simu, uitume. Nitamsikiliza mwenyewe. Nikisikia sauti imekwisha nitamwandikia, na atakaa. Kabla ya hapo siwezi kumwondoa mtu jukwaani kwa kuambiwa.

Usihangaike kupiga simu. Mara nyingi naisahau nyumbani.

Mjomba wako,
Benedikto Nangomwa


Tandika
17 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kadi nimeibandika kwa selotepu ndani ya karatasi hii, ifungue taratibu. Miguu ya baba imeanza kuvimba jioni, lakini anakula. Ofisini tunahamisha majalada ya miaka ya nyuma na vumbi linanikaa kifuani.

Ni Jumapili ya kawaida, sikuchagua. Nilikaa karibu na spika ya kushoto. Utasikia "Maji ya Kitangari" wimbo mzima, pamoja na mahali pale anaposhikilia neno "nirudi", pale wewe ulipokuwa ukimsubiri na tarumbeta. Sisemi kitu. Sikiliza mwenyewe.

Nilimwambia kwamba mjomba anataka kumsikia. Akaenda kuchana nywele, kana kwamba utamwona.

Uliahidi, mjomba.

Flaviana


Tandika
22 Julai 2024

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Kondakta ameniapia kwamba kadi alikukabidhi mkononi, na kwamba ulimshukuru. Wiki tano sasa. Labda ni kazi za shamba, labda mgonjwa nyumbani. Kama ni mgonjwa, nisamehe.

Baba hajaimba Jumapili mbili. Ni miguu iliyomzuia, siyo mie. Nafasi yake ameishika Gibson, kijana mmoja wa Bunju aliyekuwa akiimba sauti ya tatu. Nilipita Lindi Annex kuchukua koti la baba nikawakuta meza ya mbele wamegawanyika kama siku za uchaguzi.

"Gibson anaimba vizuri kama redio," Fakihi alikuwa anasema. "Ukishamaliza kumsikiliza, unamzima."

"Redio angalau inamaliza wimbo," Mwamvita akajibu.

"Kumaliza ndiyo nini? Hata jogoo anamaliza."

Albano akasema yeye halipii kiingilio kusikia noti zilizokamilika, analipia kumwona mtu aliyekuwepo siku alipooa. Mwamvita akamwuliza, "Na mkeo alishakuacha. Sasa huyu naye umng'ang'anie kwa nini?" Fakihi akacheka mpaka akashika meza.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya jambo lililotokea jana. Baba alikuwa anamenya chungwa. Bila kunitazama akasema, "Nangoja neno la Beni. Beni akisema basi, nitakaa. Hiyo Septemba nitakwenda na suti, nitakaa meza ya mbele na akina Fakihi, nipige makofi kama watu wengine." Akala chungwa lote. Mjomba, alikuwa na uso wa mtu aliyetua gunia. Miezi yote hii sikuwahi kumwona hivyo. Ameshafika mlangoni, amekosa tu wa kumfungulia.

Mistari miwili inatosha. Hata mmoja.

Flaviana


Newala
5 Agosti 2024

Mpwa wangu Flaviana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mikorosho imechanua. Hapa hakuna mgonjwa. Nilichelewa kwa sababu jambo la muziki halipaparikiwi. Nimeisikiliza kadi yako mara tatu. Humu ndani nimeweka barua ya baba yako. Umpe, na ikiwezekana isomwe ukumbini kabla ya wimbo wa kwanza, kama tulivyokuwa tukisoma salamu za walio mbali.

Usinune. Umesoma sana, lakini kuna vitu havimo darasani.

Mjomba wako,
Benedikto

*

Shemeji yangu Ferdinand,

Nimekusikia. Bado ni wewe. Pale kwenye "nirudi" umeshikilia kama siku ile ya Mtwara, nikajikuta vidole vyangu vinabonyeza hewa. Sauti imeshuka kidogo chini, lakini hata mto ukishuka chini ndipo unapokuwa na kina. Nasikia mezani kuna wanaosema umekwisha. Mie niliyesimama kulia kwako miaka ishirini na miwili nasema hujaisha. Siku ya miaka hamsini imba, na uziimbe zote. Mie nitakuwa huku nakusikia.

Shemeji yako,
Beni


Tandika
19 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Bahasha ilifika nikiwa kazini. Fakihi ndiye aliyeipokea kwa kondakta, Mbagala, na kwa kuwa aliona mwandiko wako hakuningoja mie, alimpelekea baba mkononi. Baba aliifungua mwenyewe. Kwa hiyo sikupata nafasi ya kuamua chochote.

Jana ilisomwa ukumbini. Fakihi alipanda jukwaani na miwani puani. Alipofika "nasema hujaisha" watu walisimama, na baba alitazama sakafu kwa muda kabla ya kuanza. Aliimba nyimbo tatu. Mwamvita alinifuata mlangoni. Hakuwa na utani. "Mjomba wako kanifunga mdomo," akasema. "Kama Beni kasema, basi masikio yangu ndiyo yamezeeka. Naomba radhi kwa yale niliyokuwa naropoka."

Sasa nieleze. Kwenye kadi ile hakuna "nirudi". Baba alifika pale akakatika. Kuna sekunde kumi na moja za gitaa peke yake, nimezihesabu, kisha watu wanamwimbia wao, na sauti inayosikika kuliko zote ni ya Fakihi. Umesikia nini mara tatu?

Sitaki kukukosea adabu. Labda ulitaka kumfurahisha. Labda kadi iliharibika njiani ukaona haya kusema. Lolote lile, andika tena. Sema ulikosea. Baba atakusikiliza wewe, amekwisha kukusikiliza kwa baya. Zimebaki wiki sita kasoro.

Flaviana


Tandika
18 Novemba 2024

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Nilirudi kutoka kwenu salama baada ya kumzika baba. Basi lilitushusha Mbezi Luis badala ya Mbagala, nikakaa pale stendi na begi la nguo za baba mpaka nikakumbuka kwamba natakiwa kwenda nyumbani. Kazini walinipa siku saba. Nimepaka rangi chumba chake. Sijui kwa nini nakuandikia habari za rangi.

Barua yangu ya Agosti hukuijibu. Msibani hatukuzungumza, wewe kwa sababu yako na mie kwa yangu. Na siku ile yenyewe ya miaka hamsini hakuna aliyekueleza vizuri, naona. Nitakueleza.

Ukumbi ulijaa hadi barabarani. Fakihi alikuwa amewashonea wanabendi mashati mapya ya kijani. Baba aliimba nyimbo nne bila kukaa, na nitakuwa mwongo nikisema aliimba vibaya. Aliimba kama mtu anayebeba maji kwa viganja, anatembea mbio yasimwagike. Wa tano ulikuwa "Maji ya Kitangari". Alipokaribia "nirudi" aliwanyooshea watu kipaza sauti, wakaimba wao, ukumbi mzima. Akarudi nyuma akakaa juu ya spika ya besi, akainamisha kichwa. Kila mtu aliona ni madoido. Magitaa yakaingia kwenye sehemu ya kucheza na watu wakacheza. Mjomba, walicheza ile sehemu yote mpaka mwisho. Mie pia nilikuwa nimesimama napiga makofi. Mwamvita ndiye aliyeacha kucheza, akapanda jukwaani na viatu mkononi, akamshika shingo, akapiga kelele bendi inyamaze. Gibson na Albano walimbeba. Hospitali aliishi mpaka kesho yake saa saba mchana.

Baada ya mazishi, unakumbuka, watu walitawanyika uani. Ulikuwa umenipa mgongo unakunja majamvi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa nimekusudia kukuambia maneno mabaya sana, nilikuwa nimeyapanga njia nzima tangu Kibiti. Nikaita, "Mjomba." Ukaendelea kukunja. Nikadhani umenidharau. Nikaita mara ya pili, kwa nguvu. Wanawake waliokuwa wanaosha masufuria waligeuka wote. Wewe hukugeuka. Mara ya tatu nilipiga ukelele. Ndipo mkaza mjomba Tabu akapita mbele yako, akakugusa bega, akaninyooshea kidole.

Nikaondoka. Sikuweza kusimama pale.

Jioni nilimwuliza mkaza mjomba, "Tangu lini?" Akashangaa. "Tangu mwaka juzi. Sikio la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata. Alisema amekwisha kuwaandikia wa Dar." Kisha nikakumbuka makaburini, kwaya ilipokuwa inaimba, jinsi ulivyokuwa ukitazama midomo yao na kuanza ubeti nyuma ya wote.

Kwa hiyo sina haja ya kukuuliza tena umesikia nini. Nakuuliza kwa nini.

Flaviana


Newala
9 Desemba 2024

Mwanangu Flaviana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Salamu za nyumbani hazina maana leo. Ni kweli.

Ilianza na ndege. Nilidhani wamehama. Kisha ikawa kengele ya kanisa, kisha Tabu akiwa jikoni, kisha Tabu akiwa mbele yangu. Paroko hakunipumzisha kwa hisani. Nilikuwa nawaongoza wanakwaya wimbo ambao walikwisha kuumaliza. Walikuwa wamesimama kimya wananitazama, nami mikono inapanda na kushuka.

Kadi yako niliitia kwenye simu, nikaikumbatia kwa viganja viwili. Ilikuwa inatetemeka. Nilijua hilo ni gitaa la besi, nikahesabu mpaka nikajua tumefika wapi kwenye wimbo. Nikafumba macho. Pale kwenye "nirudi" nikamsikia, Flaviana. Nakuapia nilimsikia. Alikuwa Ferdinand wa mwaka themanini na nne, na mimi nipo kulia. Nilirudia mara tatu kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu nilikuwa naogopa kukaa nikifikiri ni kitu gani hasa nilichokisikia.

Ningeweza kumpa Tabu asikilize. Alikuwa palepale, anachambua mchele. Angeniambia, "Kakatika, watu wanamwimbia," na ningeandika mstari wako mmoja, na shemeji angevaa suti. Lakini ningempa mwanamke asiyejua muziki anisikilizie Ferdinand, basi mimi ningekuwa nani? Mzee wa korosho. Wewe ulikuwa wa mwisho kuniuliza jambo la muziki. Ukishajua sisikii, nani angeniuliza tena?

Barua yako ya Agosti niliipata, na zile sekunde kumi na moja. Nilianza kujibu mara sita. Kila nilipofika kwenye neno "kwa sababu", kalamu ilisimama. Nikajiambia Ferdinand ana akili zake, mwili ukimkataa atajua. Nikajiambia Septemba bado. Halafu haikuwa bado.

Nimemuua shemeji yangu kwa aibu ya masikio. Sijamwambia hivyo Padre, nakuambia wewe kwanza. Mwambie Mwamvita alikuwa sahihi, na aliyemfunga mdomo ni kiziwi. Waambie meza yote. Unaweza kunikataa, ni haki yako. Lakini ukinikataa niandikie, maana sina njia nyingine ya kusikia.

Benedikto


Tandika
6 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nimemsomea Mwamvita ile sehemu yake. Hakufurahi. Alisema, "Heri ningekuwa mwongo," akakunja kitenge alichokuwa ameshakikunja. Lindi Annex wanaendelea na Gibson. Fakihi haendi. Albano anakwenda, anakaa, hapigi makofi.

Nilitaka kukuacha ulivyo. Uliandika kwamba umemuua, na mstari huo ungenitosha maisha yangu yote. Ningenyamaza tu, na kila mtu angeamini, na wewe ungekuwa wa kwanza kuamini. Kuna siku niliamka nikiwa nimekwisha kuamua hivyo, nikaenda kazini, nikafanya kazi vizuri.

Lakini umeniandikia ukweli, na mie sijakuandikia hata mmoja.

Ile haikuwa Jumapili ya kawaida. Nilikuwa nikimrekodi tangu Mei, kabla hujaniomba, Jumapili tano. Katika nne alifika kwenye "nirudi" na kuvuka. Alivuka kwa shida, alivuka akitetemeka, lakini alivuka. Nilikutumia ya tano. Niliziweka zote mezani nikachagua aliyoanguka, na nikakuandikia kwamba sikuchagua. Sikutaka sikio lako, mjomba. Nilitaka sahihi yako. Neno lenyewe nilikuwa nalo tangu siku ya daktari. Nililituma kilomita zote hizo ili lirudi likiwa na jina la mtu mwingine, baba asijue kwamba ni langu.

Na hilo nalo bado si jambo lenyewe.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba baba alikuwa anapiga pasi shati la kijani. Nilimwambia nitalipiga mie, akakataa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakunywa chai. Akasema, "Flavi, muache Beni. Beni ananipenda, na mtu anayekupenda hasikii vizuri. Wewe ndiye unayenisikia kila siku humu ndani, nikijaribu bafuni, nikikohoa. Niambie wewe. Sauti ipo au haipo?"

Miaka ishirini na sita nimeishi na mtu yule, mjomba, na hakuwahi kuniuliza jambo la muziki. Nilikuwa mtoto wa vitabu. Hata nilipokuwa mdogo nikiimba, mama alikuwa akisifu, yeye anatabasamu tu na kutazama pembeni. Na sasa alikuwa ameinua pasi hewani, ananisubiri. Hakuna aliyekuwa mlangoni ila mimi. Nilikuwa na hospitali nzima mdomoni, na zile sekunde kumi na moja, na miguu yake niliyokuwa naikanda jioni. Angenisikiliza. Nilimwona usoni kwamba angenisikiliza, kwamba suti ingetolewa kabatini pale pale. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana kuulizwa, mpaka sikutaka kumpa jibu ambalo lingemfanya asiniulize tena.

Nikasema, "Ipo, baba."

Akasema, "Basi." Akachomoa pasi ukutani, akalivaa shati likiwa bado la moto.

Flaviana